Sampuli Kutoka Ubongoni: Kazi ya Albumini Katika Maikrodayalisisi

Mgonjwa mahututi aliyeumia kichwani hawezi kueleza hali yake, na damu ya mkononi haisemi yote yanayotokea ubongoni. Ndiyo sababu baadhi ya wodi za wagonjwa mahututi hutumia maikrodayalisisi. Mrija mwembamba, wenye utando wa milimita 10 nchani, hupenyezwa katika tishu za ubongo, na pampu hupitisha humo kimiminika chenye chumvichumvi kama za majimaji ya ubongo, kwa mwendo wa maikrolita 0.3 kwa dakika. Kwa saa nzima hupatikana maikrolita 18, ambazo hazifiki hata tone moja.

Glukosi, laktati na piruvati ni molekuli ndogo. Huvuka utando bila shida, na kwa mwendo huo sampuli huonyesha takriban 70% ya kiwango kilichomo kwenye tishu. Ugumu huanza zinapotafutwa saitokini, yaani protini zinazochochea au kutuliza mchochota. Utando wa kilodaltoni 20 huzizuia nyingi, hivyo huchaguliwa ule wa kilodaltoni 100. Lakini matundu yakipanuka, maji nayo hupata njia: sehemu ya kimiminika huvujia kwenye tishu, kinachorudi kichupani hupungua, na protini chache zilizoingia hunata kwenye kuta za plastiki. Kipimo hutoka kidogo mno, na anayekisoma kwa haraka hudhani mchochota haupo.

Albumini ya binadamu ikiongezwa kwenye kimiminika, mara nyingi 3.5%, huyavuta maji yabaki ndani ya mrija, na hutangulia kuzifunika zile kuta ili saitokini zisipate pa kushika. Dekstrani ya kilodaltoni 500 nayo huzuia uvujaji, kwani ni kubwa kuliko matundu yenyewe. Kwa dawa zinazopenda mafuta, watafiti hutumia saiklodekstrini: pete ya sukari inayozikumbatia tumboni mwake.

Albumini ina kasoro zake. Hutokana na damu iliyochangwa, na wingi wake hufunika protini nyingine pale maabara inapotaka kuzichunguza zote kwa pamoja. Tena, matokeo ya kimiminika chenye albumini hayalinganishwi na ya kile kisicho nayo. Muuguzi anayebadili kichupa hana budi kuandika ni kipi kilichotumika. Ndugu wa mgonjwa, wanapoombwa ridhaa, waelezwe waziwazi kwamba albumini hiyo si dawa ya jeraha: imewekwa ili kipimo kisidanganye.