Kukoroma Kunakokatika na Shinikizo la Damu

Kila usiku, madereva wa magari ya mizigo yatokayo Mombasa na Dar es Salaam hulala ndani ya magari yao huko Malaba, Busia na Rusumo. Apitaye kando ya foleni husikia watu wakikoroma, naye hudhani kuwa ni usingizi mnono. Lakini kuna kukoroma kunakokatika ghafla, kukafuatwa na kimya, kisha mlalaji akashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeibuka majini. Hiyo ni dalili ya ugonjwa, nao una uhusiano wa karibu na shinikizo la juu la damu.

Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, hasa wanene wenye shingo nene, njia ya hewa husinyaa hadi ikaziba. Kifua hujitahidi, lakini hewa haipiti. Kukatika kwa pumzi huhesabiwa kunapodumu sekunde 10 au zaidi. Mwenye ugonjwa mkali hupatwa na hali hiyo mara 30 au zaidi kwa saa, na asubuhi hakumbuki lolote.

Kila pumzi ikatikapo, oksijeni hupungua katika damu. Ubongo hutoa tahadhari: mishipa ya damu hujikaza, moyo huenda mbio, na shinikizo hupanda. Kwa mtu mwenye afya, shinikizo hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 awapo usingizini, na hapo ndipo moyo hupata nafuu. Mgonjwa huikosa nafuu hiyo. Miaka ipitapo, shinikizo hubaki juu hata mchana. Utafiti uliofanywa Wisconsin, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwafuatilia watu 709 kwa miaka 4. Ulionyesha kwamba kadiri pumzi ilivyokatika mara nyingi zaidi usiku, ndivyo uwezekano wa kupata shinikizo la juu ulivyoongezeka.

Ndiyo maana mtu aweza kumeza dawa tatu za shinikizo kwa uaminifu, na kipimo kikabaki juu ya 140/90. Mgonjwa wa namna hiyo hulaumiwa kwamba hatumii dawa, kumbe sababu iko katika usingizi wake.

Mchana mgonjwa huwa na uchovu, kichwa humuuma aamkapo, naye husinzia hata akiwa kwenye usukani. Wapo wanaotafuna miraa ili wasisinzie, lakini miraa nayo hupandisha shinikizo na mapigo ya moyo. Pombe na dawa za usingizi hulegeza koo zaidi.

Ndugu msomaji, mgonjwa hawezi kujisikia akikoroma. Shahidi wake ni mke, mume, au utingo alalaye naye garini. Mwambieni mlichokisikia, tena kwa staha, bila dhihaka. Naye akapimwe shinikizo katika kituo cha afya kilicho karibu, na amweleze mganga habari za usiku pamoja na za mchana.

Tiba ipo. Kupunguza unene, kulala ubavu na kuacha pombe huwasaidia wengi. Kwa ugonjwa mkali ipo mashine ndogo isukumayo hewa kooni kupitia barakoa, iliyobuniwa Sydney, Australia, na kutangazwa mwaka 1981. Mashine hiyo hupatikana hasa katika hospitali kubwa za mijini. Hushusha shinikizo kwa kiasi, wala haichukui nafasi ya dawa. Kwa hiyo mtu asiache dawa zake pasipo agizo la daktari.

Wapo madereva wanaonyamaza wakihofia kupoteza kazi. Kuugua si kosa. Hatari ni kuliendesha gari la tani nyingi huku macho yakifumba, mbele ya watoto waendao shule na wafanyabiashara walio kando ya barabara. Usingizi ukikulemea, egesha mahali salama ulale. Mzigo ukichelewa utafika. Uhai ukipotea haurudi.