Injini za magari ya kale na geji zake: biashara yenye wateja wengi na mafundi wachache

Mnunuzi mzoefu wa Jaguar E-Type ya mwaka 1961 haanzi kwa kusifia rangi. Hufunua boneti, akasoma namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini, akailinganisha na iliyo kwenye kibati cha gari, kisha na cheti ambacho Jaguar Daimler Heritage Trust hutoa kwa kufuata kumbukumbu za kiwandani. Namba zikipatana, bei inapanda. Zikipishana, muuzaji hana budi kushusha bei, hata kama injini iliyomo inanguruma vizuri kuliko ile ya awali.

Hapo ndipo hesabu ya gereji hubadilika. Gari la kazi likipasuka bloku, mwenye gari hutafuta injini iliyotumika, akaifunga na kuendelea na shughuli zake. Gari la kale lenye namba zake halitengenezwi hivyo. Bloku iliyopasuka hushonwa kwa vipingili vya chuma vinavyopigiliwa bila moto, kwa kuwa chuma cha kusubu kikichomelewa vibaya hupasuka tena pembeni. Silinda zilizolika huvishwa slivu. Hedi ya alumini iliyoliwa na maji machafu hujazwa na kuchongwa upya. Kazi hizo zinaweza kugharimu mara kadhaa ya bei ya injini nyingine nzima, na bado mwenye gari akawa amefanya uamuzi sahihi wa kibiashara, kwa sababu thamani imo katika kile kipande cha chuma chenye namba.

Uingereza ndiko biashara hii ilikokomaa zaidi. Shirikisho la vilabu vya magari ya kihistoria nchini humo, FBHVC, katika utafiti wake wa mwaka 2020 lilikadiria kuwa sekta hiyo huchangia pauni bilioni 7.2 kwa mwaka katika uchumi, na kwamba magari ya kihistoria yamezidi milioni 1.5. Sheria nayo imesaidia: tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 na ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki kupita ukaguzi wa kila mwaka. Uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi wa Bicester, karibu na Oxford, uligeuzwa kuanzia 2013 kuwa mtaa wa gereji za aina hii. Humo utamkuta anayefanya injini tu, anayefanya bodi tu, na chuo cha kufundisha vijana papo hapo.

Viwanda vyenyewe viliona fedha hizo vikaingia. Mercedes-Benz walifungua kituo chao cha magari ya kale huko Fellbach, Ujerumani, mwaka 1993. Jaguar Land Rover walifungua chao Coventry mwaka 2017. Lakini sehemu kubwa ya kazi bado iko kwa mafundi wadogo, na huko ndiko kwenye tatizo ambalo takwimu za mabilioni zinalificha: mafundi ni wachache.

Spea si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Kwa gari lililotengenezwa kwa wingi, soko linajitosheleza. MGB zaidi ya nusu milioni zilitoka kiwandani kati ya 1962 na 1980, na British Motor Heritage wanafyatua bodi zake mpya tangu 1988. Kabureta za SU, zilizofungwa katika magari mengi ya Kiingereza, bado zinatengenezwa na kampuni ya Burlen mjini Salisbury. Mwenye Morris Minor anaweza kuagiza gasketi, pistoni na valvu akaletewa nyumbani. Mwenye gari lililotengenezwa mia mbili tu ndiye hulazimika kutafuta mkerezaji wa kumtengenezea kifaa kutoka kwenye pande la chuma, na humlipa kwa saa.

Saa za fundi ndizo bidhaa halisi ya biashara hii. Tazama injini ya XK ya Jaguar, iliyozinduliwa 1948 na kuendelea kutengenezwa hadi 1992. Kuishusha na kuifungua ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kupima: kila silinda juu, katikati na chini, kuona imelika kiasi gani na imekuwa yai upande gani, kila jonali ya krenki, unyoofu wa hedi. Hapo ndipo fundi anaamua kama krenki inachongwa na kuvaa bering za kumi, ishirini au thelathini, yaani elfu za inchi, na kama silinda zinaboliwa kwa pistoni za oversaizi au zinahitaji slivu. Akikosea kipimo kimoja, injini itawaka, itasifiwa, na itagonga bering baada ya miezi michache.

Injini za kabla ya Vita Kuu ya Pili zina ugumu wake. Nyingi hazina bering za kuchomoa na kuvisha. Fundi huyeyusha aloi ya bati, antimoni na shaba, akaimimina juu ya chuma kilichopakwa bati, kisha akaikereza mpaka ifikie kipimo. Anayejua joto sahihi la kumimina kwa kutazama tu rangi na mtiririko hupata wateja hadi kutoka nchi za nje.

Mafuta ya siku hizi nayo yameongeza kazi. Risasi iliyowekwa kwenye petroli ilikuwa ikilinda viti vya valvu vilivyochongwa moja kwa moja kwenye hedi ya chuma. Uingereza iliiondoa petroli hiyo sokoni mwanzoni mwa mwaka 2000, na nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilimaliza kufikia 2006. Tangu hapo, hedi inayofunguliwa huwekewa viti vipya vya chuma kigumu. Petroli yenye ethanoli asilimia 10, iliyoanza kuuzwa Uingereza Septemba 2021, inalainisha mipira ya kale na kuozesha baadhi ya metali za kabureta. Fundi mwaminifu hubadilisha mipira yote kabla gari halijatoka gereji. Moto mmoja unaoanzia kwenye mpira wa petroli unamaliza kila kitu.

Sasa tuje kwenye dashibodi, ambako mimi naona pengo kubwa zaidi, na fursa kubwa zaidi.

Magari mengi ya Kiingereza yalikuwa na geji za Smiths, kampuni iliyoanza London mwaka 1851 kama duka la saa. Asili hiyo inaonekana ukifungua spidomita. Kebo kutoka kwenye gia inazungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe, lakini mzunguko wake unazaa mkondo wa umeme ndani ya alumini, na mkondo huo unakivuta kikombe kizunguke. Springi nyembamba kama unywele inakizuia, na mshale unasimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Baada ya miaka 50 grisi imeganda, sumaku imepungua nguvu, springi imechoka. Anayeitengeneza anahitaji mikono ya fundi saa na kichwa cha fundi magari, na watu wenye vyote viwili ni wachache popote duniani.

Usoni mwa spidomita hizo mna namba ndogo ambayo madereva wengi hawajawahi kuiona, kwa mfano 1280. Ni idadi ya mizunguko ya kebo kwa maili moja. Ukichukua spidomita ya 1280 ukaifunga kwenye gari ambalo kebo yake inazunguka mara 1000 kwa maili, gari likienda maili 60 kwa saa mshale utaonyesha takriban 47. Na kwa kuwa mita ya maili inazungushwa na kebo hiyohiyo, itapunja hesabu kwa kiasi hichohicho. Mnunuzi ataambiwa gari limetembea maili 47,000 kumbe ni 60,000, na huenda muuzaji mwenyewe hajui kama anadanganya.

Geji ya joto ya zamani ni hatari zaidi kuitengeneza. Kitunguu chake cha shaba kilichozama kwenye maji ya injini kimejazwa etha, na mrija mwembamba unapeleka msukumo wa mvuke hadi kwenye mshale. Mrija ukikatika, etha inapotea na geji inakufa. Kuifufua ni kulehemu mrija mpya huku etha, ambayo hushika moto upesi mno, imepozwa kwenye barafu. Rangi ya kung'aa gizani kwenye baadhi ya geji za kabla ya vita ina radiamu. Mng'ao wake ulishakufa, lakini mnururisho haujafa: radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Asiifungue mtu yeyote asiyejua anachofanya, na asipulize vumbi lake.

Kwa nini haya yawahusu wenye hesabu za fedha? Kwa sababu geji ikisema uongo, injini ndiyo inayolipa. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1960 na 1970, Land Rover Series III ikiwemo, yana kikasha kidogo nyuma ya dashibodi kinachoshusha umeme wa betri hadi volti 10 kwa ajili ya geji ya mafuta na ya joto. Kikikwama au kikikosa arthi, geji zote mbili hupanda. Mwenye gari akaona mshale kwenye nyekundu, akanunua rejeta, akabadilisha pampu ya maji, mwisho akafungua hedi isiyo na kasoro. Kinyume chake ni kibaya zaidi: geji iliyokufa inaonyesha baridi huku hedi ya alumini inapinda.

Afrika Mashariki tuna nafasi ya pekee hapa. Kwenye kazi ya injini hatukuwahi kusimama. Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963 na miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966, na 504 iliyoifuata, zina laina za kuchomoa. Fundi hung'oa laina na pistoni na kuvisha seti mpya bila kuhitaji mashine ya kubolia. Ndiyo maana ziliendelea kuhudumu vijijini wakati kwingine zilishatupwa. Gerezani, Dar es Salaam, na Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, bado wapo watu wanaochonga krenki na kukereza vifaa kila siku kama riziki ya kawaida, ujuzi ambao kwingine unafundishwa upya darasani.

Wateja nao wapo. Nairobi imekuwa na mashindano ya Concours d'Elegance tangu 1970, na majaji wake hukagua hadi usafi wa injini. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha. East African Safari Classic Rally, iliyoanza 2003, huleta magari ya kale kutoka Ulaya kupita kwenye vumbi letu. Tazama lakini fedha inakobaki: Porsche 911 walizoshinda nazo Björn Waldegård mwaka 2011 na Stig Blomqvist mwaka 2015 ziliandaliwa na Tuthill, gereji ya Oxfordshire. Barabara ni zetu, ila saa nyingi za fundi zililipwa kule.

Tunachokosa ni nusu ya pili ya kazi. Injini tunaifunga vizuri, kisha geji ya Smiths iliyokwama inang'olewa na kutupwa, inawekwa ya plastiki, na gari linapofika mbele ya mnunuzi wa nje linakatwa bei kwa tundu lililoongezwa kwenye dashibodi. Mamlaka za mafunzo ya ufundi, VETA kwa Tanzania na NITA kwa Kenya, zingeweza kuanza na kozi fupi ya geji, sumaku, kebo na vikasha vya volti. Vifaa vyake ni vichache, na mafundi saa wazee ambao wateja wamewakimbia kwa sababu ya simu wanaweza kuwa walimu wa kwanza.

Nawe uliye na Land Rover ya babu au 504 iliyolala bandani, omba risiti ya vipimo kila injini inapofunguliwa, andika namba ya bloku, na kila geji inayotolewa ikabidhiwe mkononi mwako, hata kama haifanyi kazi. Usimwachie mtu auze kama skrepa.