Jiwe la jikoni limepasuka: tutafute sababu kabla ya kumtafuta mkosaji

Wamama wapendwa, juma hili sitawaandikia juu ya masomo ya watoto. Nitawaandikia juu ya ufa. Ulitokea nyumbani kwangu, jikoni, na kidogo tu uharibu kitu kikubwa kuliko jiwe.

Wengi wenu mnajua jinsi tulivyojenga. Mshahara wa mwalimu haujengi nyumba; unanunua sementi mfuko mmoja mmoja. Miaka sita tulikaa katika nyumba ya kupanga, huku kuta zetu zikipanda polepole hapa kwenye milima ya Bukavu. Zamu yangu ya likirimba ilipofika, mabati yalikuwa yamekwisha kupigwa. Nikamwambia bwana yangu: zamu hii ni ya jiko. Nilikuwa nimechoka kukata lengalenga juu ya kibao na kuosha sahani ndani ya beseni chini. Tukaenda kwenye karakana moja wanakokata mawe ya makaburi na ya majengo, tukapata kipande cha graniti nyeusi kilichobaki kwa kazi ya mtu mwingine, unene wa sentimeta 2. Fundi akakipanga juu ya meza ya beto, akatoboa tundu la lavabo, akaondoka. Nilikuwa nikilipangusa jiwe lile hata pasipo uchafu.

Juma la tano baada ya kuhamia, siku ya Mungu asubuhi, nikaona mstari. Ulianzia kwenye kona ya tundu la lavabo ukafika hadi ukingo wa mbele. Nilidhani ni unywele. Nikapitisha kitambaa, haukutoka. Nikapitisha ukucha, ukakwama.

Jioni iliyotangulia binti yangu wa kwanza, mwenye miaka 13, alikuwa ametwanga sombe. Sikuuliza. Nikamwita na kumwambia mbele ya wadogo zake: «Ni wewe umevunja zamu yangu ya likirimba.» Akasema: «Mama, kinu nilikiweka chini, si juu ya jiwe.» Nikamwambia asiongeze uongo juu ya kosa. Mchana huo hakula. Bwana yangu akanituliza: «Mama, tungoje fundi aone.» Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kukata hukumu.

Darasani siwezi kumpa mtoto sifuri kabla ya kusoma jibu lake. Nyumbani nilifanya hivyo bila haya.

Siku ya pili jioni fundi akaja. Yeye pia alitazama jiwe na kusema mara moja: «Madamu, watoto wamepiga hapa.» Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, akainamisha kichwa. Sijui ni nini kilichonisukuma, labda ni kile kichwa kilichoinama. Nikapiga magoti, nikawasha taa ya simu, nikaangalia kati ya jiwe na beto. Upande wa kushoto sementi ilijaa vizuri. Upande wa kulia, karibu na lavabo, kidole changu kikaingia chote. Palikuwa tupu. Jiwe lilikaa hewani kama daraja.

Nikamwambia: «Papa fundi, hapa chini hakuna kitu.» Akainama naye, akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Ni kweli, Madamu. Siku ile sementi ilitupungukia.»

Hapo nikakumbuka. Siku ile alinipigia simu kuomba mfuko mwingine, nami nikajibu: «Maliza na hiyo iliyopo.» Kumbe mkosaji niliyemtafuta nyumba nzima, mkono wake mmoja ulikuwa wangu.

Usiku ule niliketi na binti yangu nikamwomba msamaha, na kesho yake nikarudia maneno hayo mbele ya wadogo zake, kwa sababu mbele yao ndipo nilipomwaibisha. Sasa niwaambie niliyojifunza, ili lisiwapate.

Jiwe hupasuka kwa sababu gani?

Jiwe ni gumu likibanwa kutoka juu, lakini ni dhaifu likikunjwa. Likikaa juu ya sementi iliyojaa, linabeba sufuria kubwa ya arusi. Likikaa juu ya tupu, hata mkono wa mtu anayeegemea unatosha siku moja kulipasua. Ndiyo maana sababu ya kwanza ya kuangalia iko chini ya jiwe.

Sababu ya pili ni kona za tundu. Pale lavabo inapoingia, jiwe linabaki jembamba, na kona ikikatwa kali kama ya daftari, nguvu zote zinakusanyika hapo. Kona zinapaswa kuwa za mviringo. Zangu zilikuwa kali, na ufa ulianzia hapohapo.

Sababu ya tatu ni nyumba yenyewe. Hapa kwetu tunachimba mlima nyuma, udongo tunaumwaga mbele, kisha tunajenga juu ya vyote viwili. Udongo uliomwagwa hushuka taratibu, na ule uliokuwapo tangu zamani haushuki. Tena udongo wetu mwekundu huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Nyumba mpya inatafuta mahali pa kukaa, na jiwe lisilojua kujikunja ndilo linalosema kwanza.

Sababu ya nne ni haraka. Beto huhesabiwa kupata nguvu zake baada ya siku 28, na siku za mwanzo inataka kumwagiwa maji isikauke upesi. Tukiweka jiwe juu ya meza ya siku nne, tunajidanganya.

Mwishowe ndipo tunafika kwenye mikono yetu: kinu kilichowekwa juu ya jiwe, mtoto aliyepanda kubadilisha balbu, sufuria iliyotoka kwenye mbabula ikawekwa kando ya lavabo kwenye jiwe lenye maji baridi.

Ukiona ufa, fanya hivi

Methali tunaijua wote: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini ukiziba ufa kabla ya kuuliza ulikotoka, utauziba tena mwaka ujao. Basi:

1. Pitisha ukucha. Mstari ambao ukucha hausikii, na pande zote mbili ziko sawa, mara nyingi ni mshipa wa jiwe lenyewe, lilizaliwa nao. Ukucha ukikwama, au upande mmoja ukiwa juu ya mwingine, huo ni ufa.

2. Chora kwa kalamu kistari kidogo kwenye kila mwisho wa ufa, uandike tarehe. Piga picha. Baada ya majuma mawili angalia kama umepita kistari.

3. Gonga jiwe polepole kwa mwiko wa mti, kila mahali. Linapolia kama ngoma, chini ni tupu.

4. Angalia ukuta ulio karibu. Kama nao umepasuka, bandika kikaratasi chembamba kwa gundi kukatiza ufa. Kikichanika, nyumba bado inatembea. Hapo tatizo si jiko tena. Mwite mtu anayejua misingi kabla ya kutoa hata dola moja kwa jiwe.

5. Wakati unangoja, usiweke kitu kizito hapo. Simamisha kipande cha mbao imara chini ya ukingo kama unaning'inia. Jiwe la sentimeta 2 lisitoke nje ya meza yake zaidi ya sentimeta 15 bila kushikwa. Nyama mbichi na samaki usivikatie juu ya ufa, kwa kuwa damu na mabaki vinaingia ndani, na mende wanajua njia.

Tulivyotengeneza

Tuliweka kistari na tarehe, na kwa majuma mawili ufa haukusogea. Fundi akarudi. Kwanza akajaza sementi laini mahali pale patupu, akaisukuma kwa kijiti hadi ikatokea upande wa pili, tukaiacha ikauke. Baada ya hapo akausafisha ufa kwa alkoholi, akabandika utepe kando zake zote mbili, akachanganya gundi ya epoksi, ile yenye mirija miwili, akaitia unga mweusi wa rangi. Akaijaza polepole, akangoja siku nzima, akakwangua iliyozidi kwa wembe. Kona za tundu akazisugua zikawa za mviringo. Mimi nilinunua gundi na sementi, yeye hakudai mshahara wa kazi. Tulionelea ni haki, kila mmoja alibeba upande wake.

Usikubali mtu azibe ufa kwa sementi ya ukutani. Haishiki jiwe lililong'arishwa. Inatoka vipande vipande, na vipande hivyo vinaingia ndani ya chakula.

Kwa wale wanaojenga sasa

Mama anayejenga, andika karatasi na fundi wako. Haina haja ya kuwa ndefu: kazi ipi, unene gani wa jiwe, nani ananunua sementi na mifuko mingapi, avansi ni kiasi gani, na kiasi gani kitabaki mpaka mwezi mmoja baada ya kazi kuisha. Mtie sahihi wote wawili, pamoja na shahidi. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba inasema katika kifungu chake cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa waliopatana. Na tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, mama aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana kama mtoto anayeomba kutoka darasani. Sheria inataka bwana na bibi wapatane. Basi ketini pamoja, mwandike pamoja.

Siku ya kuweka jiwe, uwe pale. Omba uone sementi ikitandazwa kote kabla jiwe halijashuka, si madonge matano kwenye pembe na katikati. Na fundi akisema sementi haitoshi, msikilize. Mfuko ule mmoja niliokataa ndio uliokuwa wa bei nafuu kuliko yote yaliyofuata.

Mstari bado unaonekana jikoni kwangu ukiinama upande wa dirisha. Kistari cha kalamu pia kipo, na tarehe yake; binti yangu amenikataza kukifuta. Wikendi iliyopita sahani ilianguka na kuvunjika. Nikafungua mdomo, nikamwona anatazama kile kistari, nikaufunga. Nikauliza kwanza: «Imekuwaje?»

Ilikuwa paka.

Tuonane juma lijalo, wamama. Mwenye swali juu ya karatasi ya fundi alilete kwenye mkutano, tutaiandika pamoja.