Simu ya Laki Mbili Inagharimu Kiasi Gani?

Winga, yule dalali wa maduka ya Kariakoo, hakuulizi unataka simu ya kampuni gani. Anauliza bajeti. Ukitaja laki mbili atakutolea Tecno, ukisita atashusha itel, ukionyesha dalili za kuongeza kidogo Infinix itatua mezani, na utaondoka pale ukiamini umelinganisha kampuni tatu. Hujalinganisha kitu. Zote tatu ni za mwenye mali mmoja, Transsion Holdings ya Shenzhen, China. Hata chaja ya Oraimo atakayokubembeleza uichukue mwishoni inatoka nyumba hiyohiyo.

Mambo yalipangwa hivyo tangu mapema. Tecno ilianza 2006 chini ya George Zhu, kwa jina la kwao Zhu Zhaojiang, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiuza nje simu za kampuni ya Ningbo Bird. Mwaka uliofuata ikaja itel. Mwaka 2008 waliamua kuelekeza nguvu zote Afrika. Infinix ikaongezwa 2013. Kila jina lilipewa watu wake: itel kwa anayenunua simu ya kwanza au kitochi cha mzee kijijini, Tecno kwa mwenye mshahara mdogo, Infinix kwa kijana wa michezo na picha. Kuta za maduka kuanzia Lagos mpaka Mwanza zikapakwa rangi ya bluu ya Tecno.

Aliyekuwa amekalia kiti cha soko hilo kabla yao ni Nokia. Ile Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi kichwani, iliyoitwa mulika mwizi kule Kenya, iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Nokia ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2000 peke yake ilichangia karibu asilimia 4 ya pato la taifa la Finland. Lakini kuna jambo dogo ambalo Wafini walichelewa kuliona na Wachina wakaliona haraka: Mwafrika alikuwa na laini mbili na simu moja. Alikuwa anazitoa na kuziingiza kutwa nzima, betri nje, betri ndani.

Sababu ilikuwa hesabu tupu. Kupiga simu ndani ya mtandao mmoja kulikuwa nafuu, kuvuka mtandao ni ghali, kwa sababu kampuni unayotoka huilipa kampuni unayoingia. Tanzania, malipo hayo ya kuvuka yalikuwa shilingi 112 kwa dakika hadi mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipoyashusha kuwa shilingi 34.92 mwaka 2013. Yakashuka tena hadi 15.60 mwaka 2018, na kufika shilingi 2 mwaka 2022. Kenya nayo ilikata yake kwa nusu mwaka 2010, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 za kule. Katika miaka ile ya bei ya juu, simu ya laini mbili ilikuwa inajilipa yenyewe kwa vocha iliyookolewa. Nokia ilitangaza C1-00, yake ya kwanza ya laini mbili, mwaka 2010. Tecno ilikuwa sokoni na laini mbili miaka kadhaa kabla ya hapo. Baadaye wakaongeza kamera iliyorekebishwa kuona sura nyeusi hata kwenye mwanga hafifu, na betri za kukaa siku nyingi kwa wasio na umeme wa uhakika. Kufika 2017 walikuwa wameipita Samsung kwa idadi ya simu janja zinazouzwa Afrika.

Sasa tuingie kwenye fedha. Transsion ilipojiandikisha soko la hisa la Shanghai mwaka 2019, ililazimika kufungua vitabu vyake, na humo mna mambo matamu. Mwaka 2018 iliuza simu takriban milioni 124. Vitochi vilikuwa milioni 90, kwa bei ya wastani ya yuan 65.95 kila kimoja, yaani kama dola 10. Simu janja zilikuwa milioni 34, kwa wastani wa yuan 454.38, kama dola 68. Zidisha utaona: vitochi ni karibu robo tatu ya simu zote, lakini fedha nyingi, zaidi ya mara mbili na nusu ya zile za vitochi, zilitoka kwenye simu janja. Kitochi kinakuzoesha jina. Faida wanaisubiri siku utakapohama.

Bei hiyo ya dola 68 ni ya kampuni kumuuzia msambazaji. Juu yake kuna usafirishaji, faida ya jumla, faida ya rejareja, chochote cha winga, na serikali. Kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara ni asilimia 18, maana yake katika simu ya 200,000 iliyouzwa kwa risiti halali, kama shilingi 30,500 ni ya TRA. Kenya wamejaribu njia zote mbili: waliondoa kodi hiyo kwenye simu mwaka 2009 na mauzo yakapanda sana, wakairudisha 2013, na mwaka 2022 wakaongeza ushuru wa asilimia 10 kwa simu zinazoagizwa kutoka nje. Hesabu iliyofuata haishangazi. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River kwa ubia wa Safaricom, Jamii Telecom na Wachina wa TeleOne, na simu zake za kwanza zilitangazwa kwa shilingi 7,499 na 8,999 za Kenya. Transsion yenyewe ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha Ethiopia tangu 2011. Tusijidanganye lakini: kuunganisha si kutengeneza. Chipu, kioo na betri bado zinakuja kwenye makontena, na kinachobaki huku ni mishahara ya mezani, kazi ya mafundi na faida ya maduka.

Tuseme una laki mbili na nusu mkononi. Una njia nne, na mimi sizipi uzito sawa.

Njia ya kwanza ni kitochi kwa chini ya elfu hamsini, na kubaki na laki mbili. Watu huicheka, lakini kama kazi ya simu kwako ni kupiga, kupokea na kutuma pesa, hakuna simu janja itakayoizidi kwa gharama. Chaji inakaa siku kadhaa, ikianguka unaiokota, na bando huhitaji.

Njia ya pili ndiyo wengi tunayoichukua: simu janja mpya ya bei ya chini, Tecno Pop au itel, kati ya laki moja na nusu na laki tatu. Hapa ndipo boksi linapoanza kusema zaidi ya simu. Utaona maandishi makubwa ya RAM ya GB 8, na chini yake kwa herufi za sisimizi, 4+4. GB 4 ni RAM kweli. Zile nyingine 4 zimeazimwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia picha zako. Nafasi hiyo ni polepole mno kuliko RAM, kwa hiyo simu haitakimbia kama ya GB 8 halisi, na huku umepunguziwa mahali pa kuweka video. Si Transsion peke yao wafanyao hivyo, ila wao wameifanya kuwa desturi. Muulize muuzaji namba moja tu: ile ya kabla ya alama ya kujumlisha. Ikiwa ni 2, acha, hata kama boksi limejaa nyota. Ikiwa ni 4, inatosha kwa WhatsApp, ramani na benki.

Gharama nyingine ya simu hizi inapita kimyakimya. Zinakuja na programu zilizokwishapandwa, kuanzia Boomplay ya muziki hadi vivinjari vyenye habari za udaku, na matangazo yanayochungulia kwenye kioo ukiwa hujayaita. Kila tangazo linakula bando lako. Agosti 2020 mambo yalikuwa mabaya zaidi: BuzzFeed News na kampuni ya usalama ya Upstream walieleza jinsi simu za Tecno W2 zilivyokutwa na virusi vya Triada na xHelper tangu zikiwa mpya, vikiwaandikisha watu huduma za kulipia bila wao kujua, Ethiopia, Ghana na Afrika Kusini zikiwemo. Transsion ilisema lawama ni ya msambazaji mmoja katika mnyororo wake, na kwamba ilitoa marekebisho. Ukinunua leo, siku ya kwanza ingia kwenye mipangilio, zima arifa za programu usizozitumia na futa zinazofutika. Ni kazi ya nusu saa na itakuokolea bando kila mwezi.

Sifa ya njia hii ni fundi. Kioo cha Tecno kinapatikana Tunduma, kinapatikana Kigoma, na fundi anakijua kwa macho yaliyofumbwa. Transsion pia ina vituo vyake vya matengenezo, Carlcare, lakini havikupokei kwa dhamana kama huna risiti na kadi iliyogongwa muhuri. Yule aliyekupunguzia elfu kumi ili asikupe risiti amekuuzia simu isiyo na dhamana.

Njia ya tatu ni kusubiri, kuongeza, na kununua kitu kama Samsung Galaxy A16. Tuweke bei ya mfano, 450,000. Ilipotoka mwishoni mwa 2024, Samsung iliahidi miaka sita ya masasisho ya usalama, ahadi ambayo simu za laki mbili haziikaribii. Gawanya: simu ya 230,000 ikikutumikia miaka miwili, umelipa kama 9,600 kwa mwezi. Ya 450,000 ikikaa miaka minne, ni kama 9,400. Karibu sawa! Tofauti inajitokeza kwenye kuuza, maana baada ya miaka miwili Samsung bado ina mnunuzi, na kwenye usalama wa programu za benki. Kwa hiyo mwenye fedha zote taslimu na anayejua kutunza kitu, achukue hii. Anayevunja kioo kila msimu abaki na Tecno. Kioo cha Samsung kitamlia faida yote.

Njia ya nne ni mkopo. Kenya, Safaricom ilipoanza Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, mteja aliweka shilingi 1,000 za Kenya kisha 20 kila siku kwa miezi tisa, jumla karibu 6,400. Hiyo ilikuwa hesabu ya upole. Chukua mfano wa namna inavyoweza kuwa: simu ya 250,000 taslimu, kianzio 60,000, halafu 1,000 kila siku kwa mwaka. Utakuwa umelipa 425,000. Nyongeza ni 175,000, asilimia 70 ya bei. Shilingi elfu moja kwa siku haiumi, na ndiyo maana inauzika. Usipolipa, simu inajifunga kutoka mbali. Dereva wa bodaboda anayepata abiria kupitia simu anaweza kuutetea mkopo huo, kwa kuwa simu inamwingizia zaidi ya inachokula. Mwanafunzi hawezi. Na yeyote anayekopa asigawe kitochi chake cha zamani: siku simu ikijifunga, laini itahitaji pa kukaa ili pesa iliyomo itoke.

Ukichukua simu ya laki mbili na nusu kwa mkopo huo, umeshalipa karibu bei ya ile Samsung, na umebaki na Tecno. Kama unaweza kuweka kibubu cha elfu moja kwa siku kwa miezi saba huku ukitumia kitochi, utakuwa na laki mbili za kujazia.

Wapo wanaopita pembeni ya zote nne na kwenda kwenye simu zilizotumika, hasa zile zinazoshuka kutoka Dubai na Uingereza. Kwa pesa hiyohiyo unapata chuma bora, lakini betri imechoka na muda wake unahesabika. iPhone XR ya mwaka 2018 haikupata toleo la iOS 26 lililotoka 2025. Kwa upande wa Android, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye matoleo ya zamani ya Android 4 kuanzia Januari 2025, kwa hiyo Samsung ya zamani sana inayong'aa mezani inaweza kuwa pambo. Jaribu laini yako humo kabla ya kulipa, maana nyingine zimefungwa kwa mtandao wa nje. Hakikisha akaunti ya mwenye simu wa kwanza imeondolewa, na uione ikiondolewa mbele yako.

Na iwe mpya au iliyotumika, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, uitume kwa ujumbe kwenda 15090. TCRA ilizima simu feki usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na waliokuwa wamenunua bila kuuliza waliamka na vioo visivyo na mtandao. Jibu likikutajia modeli tofauti na iliyo kwenye boksi, mrudishie muuzaji simu yake, pesa yako ikiwa bado mfukoni.