Sauti Tatu za Tattuu

Ingia saluni iliyo karibu na steji ya matatu hapa Naivasha Jumamosi mchana. Drai inavuma, msusi ana vidole ndani ya nywele za mteja, na spika iliyo juu ya kioo ikifikia "Teso" ya Tattuu, wanawake wa rika langu huacha mazungumzo na kuimba. Mabinti zao wanashabikia vikundi vya wasichana wa Korea Kusini, ambavyo S.E.S., wasichana watatu, walivifungulia njia kuanzia 1997 hadi walipoagana 2002.

Sisi pia tulikuwa na watatu wetu, Tattuu: Angela Ndambuki, Angela Mwandanda na Debbie Asila, waliovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati muziki mpya wa Kenya ulipotawaliwa na wavulana.

Kazi yangu ni haki za wanamuziki, na kwa macho hayo naona urithi wa Tattuu ukipita mbali kuliko nyimbo. Wimbo uliorekodiwa hubeba haki za watu watatu: aliyeutunga, aliyegharamia kurekodi, na aliyeuimba. Huyu wa mwisho ndiye husahauliwa. Wengi hudhani mwimbaji akishalipwa siku ya studio basi yamekwisha. La! Sheria ya Kenya humlinda miaka 50 tangu sauti yake iliporekodiwa. Mwenye saluni, hoteli au matatu anapolipia leseni ya muziki, sehemu ya fedha hizo ni mrabaha wa mwimbaji. Kikundi kikivunjika, haki haivunjiki nacho. Kila sauti ina fungu lake, isipokuwa mkataba useme vingine.

Ndambuki alisomea sheria, akaja kuongoza PRISK, chama kilichokuwa kikikusanya mirabaha ya waimbaji na watumbuizaji wengine nchini. Mwaka 2020 aliteuliwa mkurugenzi wa IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi muziki, kwa Afrika kusini mwa Sahara. Sikumbuki mfano bora wa msanii kuhama kipaza sauti bila kuuhama muziki.

Ninyi wasichana mnaofanya mazoezi ya kuimba huku Karagita na Kihoto, kabla ya kuingia studio andikeni majina ya wote watakaoimba, hata wa kuitikia tu. Kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala yake.