Kigari cha Mtoto au cha Baba?

Mume wangu alimnunulia mwanetu wa miaka saba kigari cha rimoti cha kupanda mawe. Wenye mapenzi navyo wanataja Axial SCX24, iliyo 1/24 ya gari halisi. Chetu hakina jina kubwa. Kinatambaa polepole kama kinyonga, magurudumu yote manne yakivuta. Kwa kuwa ni chepesi na hakina haraka, hata kikibiringika kwenye mawe ya jirani anayejenga, mtoto anakigeuza na safari inaendelea. Kwa uimara, sina neno.

Kilichokatika ni vigia vya plastiki vya kimota cha usukani. Kijana alikuwa akiyapinda magurudumu ya mbele kwa mkono huku kigari kimewashwa. Tukaweka vya chuma, basi.

Hapo ndipo baba watoto aliposhikwa na ugonjwa. Zikaja shokapu, taa, mota ya kasi... Jamani! Ninachokisifu ni kimoja tu: vizito vya shaba kwenye ekseli. Uzito ukikaa chini, kigari hakipinduki ovyo mlimani. Mota nilimwambia airudishe. Kigari cha kupanda kinataka nguvu, na kasi ndiyo inayovunja vitu.

Wiki tatu mtoto hakukigusa. “Baba anatengeneza,” aliniambia.

Jumamosi nikampa kigari chake, nikamwomba mume wangu akae nami barazani tumtazame. Alikaa, bwana. Ila bisibisi ilikuwa mfukoni.