Adriano wa 2006 bado anapasua nyavu

KAMA uliwahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha gemu, sarafu mkononi, ukisubiri aliye mbele yako afungwe umrithi pedi, basi Adriano unamjua. Ni yule wa PES 6, gemu ya mwaka 2006, mwenye nguvu za shuti 99. Akishageukia mguu wa kushoto nje ya boksi, kipa kazi yake ilikuwa moja tu, kwenda kuokota mpira wavuni.

Adriano halisi mambo yake hayakwenda hivyo. Baba yake alifariki mwaka 2004, na mwenyewe amesema mara nyingi kwamba baada ya hapo hakurudi tena kuwa yule yule. Gemu ilipoingia sokoni, straika huyo wa Inter Milan alikuwa tayari anahangaika. Desemba 2024 akaagwa rasmi pale Maracanã, mwili umejaa na kasi imekwisha. Yule wa kwenye diski ana miaka 24 na hazeeki.

Tatizo ni diski yenyewe. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya mashine milioni 150, na Sony wakaacha kuitengeneza 2013. Zilizobaki mtaani lensi zimechoka, diski zina mikwaruzo kama goti la beki wa ndondo. Ndiyo maana mashabiki wa soka lile wamehamia kwenye kompyuta, kwa kutumia emuleta. Kwa PS2, inayojulikana zaidi ni PCSX2, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza na watu wa kujitolea mwaka 2002, wakati mashine yenyewe ikiwa bado ya moto madukani.

Emuleta haiigusi gemu. Inachofanya ni kuifanya kompyuta ijifanye PS2. Kila amri ambayo gemu inaituma kwa prosesa ya Sony, programu inaidaka katikati, inaitafsiri kwa lugha ya kompyuta, kisha inaipitisha, mamilioni ya mara kwa sekunde. Prosesa ya PS2 ilikuwa na kasi ya megahezi 294 hivi, ndogo sana kwa leo, lakini kutafsiri kunakula nguvu nyingi kuliko kucheza. Ukitumia kompyuta mpakato iliyochoka, wachezaji wanakimbia kama wako ndani ya maji na sauti ya mtangazaji inakatikakatika. Ukipata yenye nguvu, picha inatoka safi kuliko ilivyowahi kuonekana kwenye TV ya chogo.

Je, ni halali? Sony walishalipeleka suala hili mahakamani. Waliishtaki kampuni ya Connectix iliyouza programu ya kuchezea gemu za PlayStation ya kwanza kwenye kompyuta, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa Marekani ikawa upande wa Connectix. Kampuni nyingine, Bleem, nayo ilisimama imara mahakamani, ila gharama za mawakili zikaimaliza. 2001 ikafunga milango. Alama tatu ilipata, timu ikafilisika.

Kwa hiyo emuleta yenyewe haina kesi. Utata uko kwenye gemu na ile programu ya ndani ya PS2 iitwayo BIOS, maana zote zina wenyewe. Watengenezaji wa PCSX2 hawaigawi BIOS. Wanataka uitoe kwenye mashine yako mwenyewe. Wangapi wanafanya hivyo? Tusidanganyane.

Lakini shabiki naye ana hoja. Akitaka kuinunua PES 6 mpya leo, aende duka gani? Leseni za majina na jezi huwa za muda, na hata wakati ule Konami hawakuwa nazo zote, ndiyo maana Liverpool iliitwa Merseyside Red. Utafiti uliotolewa 2023 na taasisi ya Video Game History Foundation ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani hazipatikani tena kwa njia ya kawaida ya biashara. Kama siyo watu wa emuleta, Castolo na Minanda, wale wachezaji wa kubuni wa Master League waliowatoa watu jasho, wangekuwa wanazikwa kimyakimya.

Kuna jambo moja tu ambalo wakongwe hawalikubali. Emuleta ina kitufe cha kuhifadhi gemu popote pale, hata mpira ukiwa hewani. Dakika ya 90, faulo, unahifadhi, Adriano anapiga, mpira unagonga mwamba. Unarudisha, anapiga tena. Unarudisha mpaka uingie. Kibandani kitufe hicho hakikuwepo. Ukifungwa unatoa sarafu nyingine, au unasogea kwenye benchi mwenzako akae.